Machozi ya Dukani

Miwani yangu ya mwisho iko chini ya ziwa, karibu na mwalo wa kisiwa cha Goziba, pale boti za wavuvi zinapotia nanga. Kazi yangu ni ya uvuvi: naenda visiwani kukagua nyavu na samaki, kisha narudi Bukoba kuandika taarifa. Siku hiyo nilikuwa nashuka kwenye boti. Niliinama kushika mkono wa mvuvi aliyetaka kunisaidia, miwani ikatoka usoni na kuingia majini kimya kimya, kama kitu kilichokuwa kinasubiri nafasi. Vijana wawili walipiga mbizi kwa heshima yangu, wakaibuka na kopo la rangi. Ikabidi nikague nyavu kwa kuzipapasa, na kila mwenye nyavu alinihakikishia kwa upole mkubwa kwamba matundu yake ni mapana, tena mapana kuliko sheria inavyotaka. Sijawahi kukuta kisiwa kinachotii sheria namna ile.

Nilikuwa nimevaa miwani tangu kidato cha kwanza. Kila nilipopimwa upya vioo vilizidi unene, mpaka macho yangu nyuma yake yakaonekana madogo kama mbegu za papai. Ziwani miwani ilijaa matone, jikoni ilijaa mvuke, kanisani ilinitelezea puani kila nilipoinamisha kichwa. Siku ile mume wangu alinipokea bandarini na kunishika mkono mpaka kwenye gari. Tulipofika nyumbani Ijuganyondo nilimwambia nimechoka. Nakwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Akauliza uwezekano wa mambo kwenda vibaya ni kiasi gani. Nikamjibu kwamba kwa nilivyosoma ni mdogo sana. Akasema mdogo si sifuri. Maneno hayo aliyarudia mara nyingi miezi iliyofuata, mpaka nikamwomba aache.

Daktari wa Dar es Salaam alinipima akasema konea zangu, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ni nyembamba. Njia ya kukata kifuniko na kukirudishia isingenifaa. Yeye angekwangua ile ngozi laini ya juu, apige mwanga, kisha ngozi ijiotee yenyewe kama goti la mtoto aliyeanguka njiani. Kidonda kingefunikwa na lenzi laini mpaka kipone. Kwa watu wengi, alisema, ngozi hufunga ndani ya wiki moja, na kuona kunatulia polepole baada ya hapo. Nilishika maneno "wiki moja". Neno "wengi" nililiacha palepale ofisini kwake.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko sala ya mama mkwe wangu kabla ya chakula. Niliambiwa nitazame taa, nikatazama, nikasikia harufu. Hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu harufu. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa manyoya sikukuu ya Krismasi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba mbuzi ni mimi.

Jicho la kushoto lilifunga kama nilivyoahidiwa. La kulia lilikataa. Liliwaka kana kwamba kuna mtu amechanganya mchanga na pilipili akanimwagia, na asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko saa nyingine zote. Daktari alibadilisha lenzi, akasubiri, akaniruhusu kusafiri kwa sharti kwamba nikaonwe na daktari wa macho wa Bukoba mpaka kidonda kifunge. Nisifikiche. Nisikae kwenye moshi wala vumbi. Nikitoka nje nivae miwani ya jua. Basi mtu aliyeenda Dar es Salaam kuachana na miwani alirudi Bukoba na miwani nyeusi iliyomfunika nusu ya uso.

Nyumbani Ijuganyondo nilikuta jirani amewasha tanuru la matofali. Moshi ulikuwa unapita kwetu kwanza kabla ya kwenda popote. Mume wangu alifunga madirisha, akaziba chini ya milango kwa mataulo, tukakaa humo tunatokota kama maharage. Mwishowe aliniweka kwenye gari na matone yangu ya dawa, akanipeleka Muleba kwa mama.

Mama yangu ni mjane. Anaishi peke yake kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na yeye na kuku wake wanaelewana vizuri. Alipoambiwa kwamba adui wa jicho langu ni moshi, hakufanya nusunusu. Alihamisha mafiga kutoka jikoni akayapeleka nyuma kabisa, mwisho wa migomba, na kila mlo ulisafiri mwendo mrefu kufika mezani. Jirani mmoja mzee aliyekuja kunijulia hali na kiko chake aliombwa akiache barabarani. Mzee akaona bora abaki barabarani nacho. Tukasalimiana kwa kupaaziana sauti.

Salamu ndizo zilizoniletea taabu. Kwetu mtu anaweza kukusamehe mengi, lakini usimpite bila kumwamkia. Jicho la kushoto nalo lilikuwa bado halijatulia, nikawa naona watu kama nguo zilizoanikwa: rangi ipo, mwenyewe hayupo. Nikaamua kutumia akili. Umbo pana nitalipigia magoti, umbo jembamba nitaliitikia. Siku ya kwanza nilimpigia magoti dereva wa bodaboda aliyevaa koti la mvua, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, taratibu, bila kuona haya, akaniuliza na habari za watoto. Jioni hiyohiyo nilimpita katekista wetu, mzee mwembamba kama ufito, nikamtikisia kichwa tu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama kumwambia kwamba mtoto wake amerudi na maringo ya Dar es Salaam, tena amevaa miwani ya wasanii.

Siku ya kliniki mume wangu alikuja kunichukua, na mama akaingia kwenye gari bila kuulizwa. Daktari wa Bukoba alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti tulivu. Alinitia tone la rangi ya njano, akaniweka kidevu kwenye mashine, akanimulika kwa mwanga wa bluu. Kidonda bado kiko wazi, alisema, kidogo kuliko mwanzo lakini wazi. Jicho lilikuwa kavu mno. Machozi yangu hayatoshi, na ngozi haiwezi kuota mahali pakavu. Akaniongezea matone ya machozi ya bandia, nitie mara nyingi mchana kutwa.

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani, aliomba kuuliza. Je, hayo machozi yanatoka kwa nani? Daktari akamweleza kwamba hayatoki kwa mtu, yanatengenezwa kiwandani na kuuzwa dukani.  Njia nzima ya kurudi Muleba mama aliigeuzageuza ile chupa ya matone mkononi, na mimi nikajua kwamba jambo hilo halijamwingia vizuri.

"Mtu anakwenda dukani kununua machozi," alisema tulipokuwa tunashuka. "Na wewe una macho mawili."

Kuanzia hapo alichukua kukauka kwa jicho langu kama kazi yake. Alianza na vitunguu. Alikaa mbele yangu akavikata vyembamba, vingi kuliko mboga yoyote inavyohitaji, huku akinitazama. Jicho liliwaka nikakimbilia chumbani. Mume wangu, kwa simu, alimweleza kwa heshima kwamba kitunguu ni sawa na moshi. Basi akaacha vitunguu akaingia kwenye habari za huzuni. Alinisimulia ndama aliyetumbukia shimoni, akanisimulia mwaka ambao mnyauko ulimaliza migomba ya watu, akanisimulia ndugu yake aliyekwenda Uganda asirudi. Alisimulia vizuri mno, lakini kila alipofika penye uchungu alisimama na kuuliza, "Yanakuja?" Nikaishia kucheka.

Asubuhi moja akaingia chumbani kwangu akasema nijiandae, kuna msiba. Amefariki mzee mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Nilimfahamu mzee huyo kwa mbali, mtu mrefu wa kofia aliyekuwa mzee wa kanisa kwa Walutheri. Nikamwambia mama kwamba sina uhusiano wowote naye, na yeye mwenyewe, Mkatoliki, huwa haendi kwenye misiba ya Walutheri kama si ya wakwe zangu. Mama akasema daktari ameagiza machozi. Msibani watu wanalia, na kulia kunaambukiza. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa.

Sikuweza kuona alichovaa, lakini nilisikia harufu ya dawa ya nondo. Ilikuwa nguo iliyotoka chini kabisa ya sanduku, ile ambayo hutoka Pasaka na Krismasi tu. Tukapita njia ya migombani, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika ncha ya kitenge chake.

Msibani kulikuwa na watu wengi na jua kali. Turubai jeupe lilirudisha mwanga wote usoni kwangu, na hata nyuma ya miwani nyeusi jicho la kulia lilianza kutoa maji. Kwa mara ya kwanza tangu upasuaji lilitoa maji ya kweli, mengi, yakashuka shavuni mpaka shingoni. La kushoto likaona lisipitwe. Nilikuwa nimekatazwa kufikicha, kwa hiyo nilikaa wima mkekani na kuyaacha yatiririke. Karibu yangu niliwasikia kina mama wakipunguza sauti. Mmoja akaniwekea mkono begani. Mwingine akaleta maji ya kunywa. Nikaanza kuona kwamba mama alikuwa sahihi, na kwamba msiba huu unanifaa.

Wakati wa mazishi ulipofika tulisimama. Hapo nikapoteza ncha ya kitenge. Mtu akanishika kiwiko kwa upole akasema nipite huku, nikapita. Nilidhani ni mstari wa wanawake. Nilisukumwa mbele, mbele zaidi, mpaka nikahisi udongo uliochimbuliwa chini ya viatu. Mchungaji akasoma, kwaya ikaimba, nikapewa udongo mkononi, nikautupa. Kisha mtu akatuomba tusogeleane tutazame mbele, na mwanga mkali ukanipiga usoni. Ule mwanga ulinimaliza kabisa. Nililia kwa kwikwi, maana sasa yalikuwa maumivu ya kweli, na watu wawili wakanishika kila upande nisianguke. Picha hiyo ipo. Wanaonekana watoto wa marehemu, wakubwa kwa wadogo, wamepangwa kando ya kaburi la baba yao, na katikati yao mwanamke wa miwani nyeusi aliyevunjika moyo kuliko wote.

Baada ya mazishi mama alinipata, akanikalisha kivulini kwenye migomba. Sikumwona uso. Nilimsikia tu akipumua kwa shida, nikadhani ni ule mteremko wa kaburini. Nilikuwa nataka kumuuliza kama amechoka, ndipo watu watatu wakaja wakasimama mbele yetu. Wawili walikuwa wapana. Nikajitayarisha kupiga magoti, lakini wakasema nikae tu.

Yule wa tatu ndiye aliyezungumza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu.

"Dada," alisema, "sisi si watu wa ugomvi. Kama wewe ni mtoto wa mzee, tuambie leo, kabla kikao cha ukoo hakijakaa. Tusije tukasikia mahakamani."

Nikamwambia mimi nina tatizo la macho.

"Wote tuna uchungu," akajibu.

Nikajaribu tena. Nilieleza habari za leza, na ngozi iliyokwanguliwa, na lenzi ya kufunika kidonda. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana uongo uliotungwa na mtu mwenye elimu. Mmoja wa wale wazee akauliza, basi kwa nini nilitupa udongo pamoja na watoto? Nikasema nilishikwa mkono. Akauliza na kulia je? Nikasema daktari aliagiza. 

Ndipo mama akaelewa wanachouliza. Hakuwa ameelewa mwanzoni kwa sababu alidhani swali linanihusu mimi, kumbe lilikuwa linamhusu yeye. Alisimama. Nilisikia kitenge chake kikikung'utwa.

"Huyu ana baba yake," alisema, "na amelala kwenye kibanja changu, siyo hapa. Mume wangu alikuwa analala macho hayajafumba. Usiku wa kwanza nilidhani nimeolewa na maiti. Na huyu ni vilevile tangu nilipomzaa, analala anakutazama kama sangara sokoni. Kama hamniamini, chagueni mtu aje kwangu akae kitandani kwake mpaka asubuhi."

Mzee mmoja alikohoa akasema haitakuwa lazima. Yule mtoto wa kwanza alianza kuomba radhi kwa Kiswahili, akahamia kwenye Kihaya, akaishia katikati. Nadhani nao walitamani kuondoka kama sisi. Lakini kabla hawajaondoka akaja binti kutoka ndani, akasema mjane amesikia sauti ya mama na anamwita.

Tuliingia. Ndani kulikuwa na giza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yangu yalipata nafuu. Chini palikuwa pametandikwa majani makavu, na mjane, bibi mdogo wa umbo, alikuwa ameketi juu yake akiegemea ukuta. Alipigapiga majani kando yake. Mama akaketi. Wakakaa hivyo, bega kwa bega.

"Nilijua utakuja," mjane alisema.

 Mama akamshika mkono. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, namwelekea mtu ambaye baadaye nilitambua kuwa ni gunia la maharage, na sikujua nitazame wapi.

Tulipokuwa tunarudi mama hakunipa ncha ya kitenge. Alinishika mkono kabisa, tukatembea sambamba pale njia iliporuhusu. Sikuuliza. Tulivuka kijito, tukaanza kupanda, ndipo akaanza mwenyewe, kwa Kihaya, bila kunitazama. Yule mzee, alipokuwa kijana, aliwahi kupeleka pombe kwa babu yangu kumposa mama. Pombe ilikuwa nzuri na watu walioileta walikuwa na heshima. Babu alipouliza wanasali wapi, akaambiwa wanasali Kilutheri. Basi aliwaachia waondoke na pombe yao, bila hata kuonja. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga. Alisikia yote.

Nikamuuliza kama alimpenda.

"Alikuwa anaimba," mama akasema. Tukatembea. "Baba yako hakujua kuimba. Lakini baba yako alikuwa mtu mwema, na nilimlilia vizuri alipokufa. Huyu wa leo nilikuwa nimlilie kwa njia gani, mwana wange? Mjane Mkatoliki, naingia kwa Walutheri peke yangu, nalia?"

Hapo nikakumbuka siku nilipomleta mume wangu nyumbani kumtambulisha. Shangazi zangu walianza kuguna mara moja, Mlutheri, Mlutheri, mmoja akaenda mpaka kwa paroko. Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alisema kijana ametoka mbali, apewe chakula, na ukawa mwisho wa mjadala. Nilidhani alimpenda kwa sababu ni mwalimu.

Nilianza kucheka, sijui kwa nini. Labda ni kule kuwakumbuka wale watu watatu wakija kumuuliza mama kama aliwahi kufanya kile alichokatazwa asikifanye. Naye akacheka. Tulilazimika kukaa kando ya njia, juu ya mizizi, tukacheka mpaka kuku wa watu wakatukimbia. Kisha akanikumbusha kwamba muda wa tone umepita.

Kliniki iliyofuata mama hakuja. Alisema ana kazi ya kahawa. Daktari aliponimulika alisikitika: kidonda kilikuwa kimefunga karibu chote, lakini asubuhi hiyo kilikuwa kimechanika tena pembeni. Hakuelewa. Nilikuwa natia matone kama alivyosema, sikuwa kwenye moshi, sikuwa nafikicha. Ili nisimwone anahuzunika nikaanza kumsimulia habari za msiba. Alicheka nilipofika kwenye picha. Alicheka zaidi kwenye habari ya mama kumwita mtu aje akae kitandani kwangu. Kisha akaacha kucheka.

"Rudia hapo," alisema. "Unalalaje?"

Nikarudia. Akaniambia nifumbe macho polepole, kama mtu anayesinzia, akaniinamia na tochi yake ndogo. Kisha akavuta kiti. Kope zangu hazikutani, alisema, jicho la kulia linabaki na upenyo. Kila usiku jicho linakauka, ngozi mpya inashikamana na lenzi iliyokauka, na kila asubuhi ninapofumbua naivua. Mchana naijenga, usiku naibomoa. Aliniuliza kwa nini sikulisema hilo mapema. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ninapolala sijioni.

Akaitoa ile lenzi. Akanipa mafuta mazito ya jicho ya kupaka kabla ya kulala, na mkanda laini wa hospitali wa kufunga kope. Mume wangu alifundishwa namna ya kuubandika, akaufanya kwa umakini wa mtu anayechora pembetatu ubaoni. Jirani alikuwa amemaliza kuchoma matofali yake, kwa hiyo nilirudi Ijuganyondo. Nililala kila siku nimefungwa kama kifurushi cha posta. Asubuhi zikaanza kuwa za kawaida. Siku moja niliamka, nikavua mkanda, nikaenda mpaka jikoni nikapasha chai, ndipo nikagundua kwamba hakuna kilichouma.

Ngozi ilifunga. Ukungu ulibaki. Kwa miezi kadhaa jicho la kulia liliona dunia kupitia chandarua, na taa za magari zilikuwa na duara za mwanga kama vichwa vya watakatifu. Daktari alipunguza dawa kidogo kidogo, akaniambia nisiwe na haraka, na mimi, kwa kuwa sikuwa na namna nyingine, sikuwa nayo. Leo la kushoto linaona kila jani, la kulia linaona mgomba. Yakiwa pamoja yananitosha kazini. Kule Goziba wavuvi wanasema nimekuwa mkali siku hizi, na nyavu zenye matundu mapana zimepungua kisiwani ghafla.

Kuhusu nani aliyeniponya, familia zetu mbili hazijaafikiana. Jumuiya ya mama walikuwa wametoa nia ya misa kwa ajili yangu, na mama mkwe wangu alikuwa amepeleka jina langu kwenye kikundi chao cha maombi. Mama mkwe anasema jicho la kushoto, lililopona haraka, ni la kwao. Mama yangu amekubali bila ubishi, jambo lililowashangaza wote. Anasema Walutheri wapewe la kushoto.

Kila wageni wanapokuja Muleba mama huwasimulia yote haya, na kwa kweli anasimulia vizuri kuliko mimi. Anaanzia kwenye machozi ya dukani, anaigiza kikohozi cha yule mzee, anaonyesha nilivyosimama kaburini. Njia ya kurudi, kijito na ule mlima, haviko kwenye masimulizi yake. Anachosema ni kwamba tulikwenda msibani kwa sababu daktari wa Bukoba aliagiza. Wageni hunigeukia waone kama ni kweli. Nasema ndiyo, aliagiza. Mama hupitisha kisahani cha kahawa ya kutafuna, kila mtu anachukua punje zake, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua.